Mla Jana Kala Nini: Vitabu vya Upishi na Kumbukumbu za Wapishi Weusi wa Marekani

Waswahili husema, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Methali hii humkumbusha mtu kwamba shibe iliyopita haiondoi njaa iliyopo. Kwa mwenye njaa maneno haya ni kweli tupu. Walakini kwa mtafiti wa historia nusu ya pili ya methali ni swali la haki linalotaka jibu. Mla jana alikula nini? Nani alimpikia? Mpishi huyo alifundishwa na nani, na jina lake laonekana wapi?

Kwa muda mrefu maswali haya hayakupewa heshima kubwa. Historia ilijishughulisha na vita, mikataba na zamu za watawala. Jiko liliachiwa moshi wake. Kitabu cha upishi kilitazamwa kama chombo cha kazi, mfano wa mwiko au kinu, ambacho kikichakaa hutupwa na kununuliwa kingine. Kurasa zake huingia mafuta na unga, jalada hukatika, na wenye nyumba wanapohama au kufa, vitabu vya namna hiyo huwa vya kwanza kuachwa. Watu wachache waliojitia katika kazi ya kuvikusanya walidhaniwa kuwa wanajipumbaza. Hata hivyo, habari za vitabu vya upishi vilivyotungwa na watu weusi wa Marekani zathibitisha kuwa kazi yao ilikuwa na uzito. Kijitabu kimoja cha kurasa 39, ambacho nakala moja tu ya chapa yake ya kwanza ndiyo inayojulikana kusalia, kilitosha kupindua mambo yaliyokuwa yamekwisha kukubaliwa na wataalamu. Makala haya yaeleza jinsi kijitabu hicho na vyenziwe vilivyookoka, kumbukumbu zilizomo ndani yake, na namna yapasavyo kusomwa.

Jiko la mmoja, kalamu ya mwingine

Mwaka 1824 kilitokea mjini Washington kitabu cha Mary Randolph kiitwacho The Virginia House-Wife. Bibi huyu alikuwa mtu wa ukoo mkubwa wa Virginia, na baada ya mali ya nyumba yake kupungua aliendesha nyumba ya kupanga wageni katika mji wa Richmond. Kitabu chake kilipendwa, kikachapishwa mara nyingi. Pamoja na mapishi yenye asili ya Uingereza, mna humo bamia zilizopikwa kwa nyanya, mchuzi wa bamia, na kunde. Bamia na kunde ni mimea yenye nasaba ya Afrika. Upishi wake uliingia katika meza za Virginia kwa mikono ya wapishi waliokuwa watumwa, lakini majina ya wapishi hao hayamo katika kitabu.

Hali hii ilikuwa na sababu katika sheria. Koloni la South Carolina lilipiga marufuku mwaka 1740 kuwafundisha watumwa kuandika. Jimbo la Alabama, mwaka 1832, lilikataza kuwafundisha kusoma na kuandika watu weusi wote, watumwa na hata waliokuwa huru. Basi elimu ya jikoni ilikaa katika kichwa na mkono wa mpishi, na karatasi ilikuwa mali ya bwana na bibi wa nyumba. Mpishi alitamka, bibi akaandika. Au mpishi alitenda, bibi akatazama na kuandika alichokiona. Kizazi kilichofuata kilipofungua kitabu kiliona jina la mwandishi tu, kikadhani kuwa yeye ndiye mwenye elimu yote.

Mara chache mkono wa mpishi mwenyewe waonekana. James Hemings, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1765, alichukuliwa na Thomas Jefferson kwenda Paris mwaka 1784, na huko akajifunza upishi wa Kifaransa. Aliporudi Marekani alitakiwa amfundishe mwingine kazi hiyo kabla ya kupewa uhuru wake. Aliyefundishwa ni ndugu yake Peter, na James akaachwa huru mwaka 1796. Orodha ya vyombo vya jikoni aliyoiandika kwa mkono wake mwaka huo ingaliko. Ni karatasi kavu ya hesabu, lakini yamwonyesha mpishi aliyejua kuandika, na aliyezijua zana za kazi yake moja moja.

Mwaka 1827 Robert Roberts, mtu mweusi aliyesimamia utumishi katika nyumba za matajiri wa Massachusetts, alitoa mjini Boston kitabu cha kuwaongoza watumishi wa nyumbani, The House Servant's Directory. Mwaka 1848 Tunis Campbell alitoa kitabu kingine kwa ajili ya watumishi wa mahoteli. Vitabu hivi viwili ni vya thamani kubwa, lakini vyahusu zaidi usafi wa vyombo, utandikaji wa meza na adabu za utumishi. Sauti ya mwanamke mpishi ilikuwa bado kusikika katika chapa.

Kazi ya wakusanyaji

Miongoni mwa watu waliofanya ukusanyaji wa vitabu vya upishi uwe kazi ya kitaalamu ni wanawake wawili wa Marekani. Elizabeth Robins Pennell, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1855 na kuishi miaka mingi London, aliandika juu ya chakula katika magazeti, akanunua vitabu vya kale vya upishi vya nchi mbalimbali za Ulaya. Mwaka 1903 alitoa kitabu cha kueleza vitabu alivyokuwa navyo. Majuzuu 433 ya mkusanyo wake yamehifadhiwa katika Maktaba ya Congress mjini Washington. Katherine Golden Bitting alikuwa mkemia wa vyakula. Mwaka 1939 alichapisha orodha kubwa ya vitabu vya upishi na ulaji, na mkusanyo wake wenye majuzuu zaidi ya 4,300 uliingia katika maktaba hiyo hiyo. Kwa kazi yao kitabu cha upishi kilianza kuandikiwa mwaka, mahali pa chapa na jina la mchapaji, kama kiandikiwavyo kitabu cha sheria au cha dini.

Pamoja na hayo, mkusanyaji hawezi kuorodhesha kitabu kisichomfikia. Kitabu kilichochapishwa London au New York kilikuwa na njia nyingi za kuingia madukani na maktabani. Kijitabu kilichochapishwa katika mji mdogo, kwa fedha za mwanamke mweusi asiye na jina, kiliuzwa kwa majirani, kikatumika jikoni, kikaisha.

Yuko mtu aliyeiona hatari hii mapema. Arturo Schomburg, aliyezaliwa Puerto Rico mwaka 1874, alitumia maisha yake kukusanya vitabu, barua na picha za watu weusi wa ulimwengu wote. Mkusanyo wake ulinunuliwa kwa dola 10,000 na kuwekwa katika Maktaba ya Umma ya New York mwaka 1926. Schomburg alichora pia mpango wa kitabu juu ya upishi wa watu weusi wa Marekani, ambao ungekusanya mapishi pamoja na historia ya wapishi. Alifariki mwaka 1938 kabla ya kuutimiza, na karatasi za mpango huo zimesalia. Mtu aliyejua thamani ya nyaraka kuliko wengi wa zama zake aliliweka jiko katika hesabu ya mambo yanayostahili kuhifadhiwa.

Kijitabu cha Malinda Russell

Hadi mwisho wa karne ya 20 wataalamu walikubali kwamba kitabu cha kwanza cha upishi kilichotungwa na mwanamke mweusi wa Marekani ni kile cha Abby Fisher, kilichochapishwa San Francisco mwaka 1881. Karne ya 21 ilipoanza, kijitabu kingine kikatokea. Kilikuwa katika vitu vilivyotoka kwenye mkusanyo wa Helen Evans Brown, mwandishi wa upishi wa California aliyefariki mwaka 1964, kikamfikia Jan Longone wa Ann Arbor, jimbo la Michigan. Bibi Longone alikuwa amefungua mwaka 1972 biashara ya vitabu vya kale vya upishi na vinywaji, na macho yake yalikuwa yamezoea kutambua kitu kigeni. Jina la kijitabu ni A Domestic Cook Book. Kilichapishwa Paw Paw, Michigan, mwaka 1866, na mtungaji wake ni Malinda Russell, ajitajaye kuwa mwanamke mweusi aliye huru. Mwaka 2007 Maktaba ya William L. Clements ya Chuo Kikuu cha Michigan ilitoa chapa iliyofuata sura ya ile ya kwanza.

Karibu yote yanayojulikana juu ya mwanamke huyu yametoka katika maneno machache aliyoyaweka mwanzoni mwa kitabu chake. Alizaliwa na kulelewa mashariki mwa Tennessee. Aeleza kwa uangalifu kwamba bibi yake aliachwa huru na bwana wake, na mama yake alizaliwa baada ya uhuru huo. Maneno haya yana kazi ya kisheria, kwa kuwa katika majimbo ya utumwa mtoto alifuata hali ya mama. Malinda alikuwa akitoa ushahidi wa uhuru wake. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alifunga safari ya kwenda Liberia pamoja na watu wengine. Njiani mmoja wa kundi lao alimwibia fedha zake, akalazimika kubaki Lynchburg, Virginia, akifanya kazi ya kupika na kuwasindikiza mabibi katika safari zao. Aliolewa, baada ya miaka minne mume akafa, akamwachia mtoto wa kiume aliye kilema cha mkono.

Mjane huyu hakukaa bure. Alifua nguo za watu Virginia. Aliporudi Tennessee akaendesha nyumba ya kupanga wageni karibu na chemchemi za milimani, kisha duka la keki kwa miaka kama sita. Kwa biashara hiyo alijiwekea akiba ya kumtunza yeye na mwanawe. Mwezi wa Januari 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, kundi la wapiganaji wa msituni lilimvamia na kumnyang'anya. Akakimbilia Michigan. Huko, mwaka 1866, alitoa kitabu chake kwa kusudi analolitaja wazi: apate fedha za kurudi kwao Greeneville, akatafute kilichosalia cha mali yake.

Basi mbele ya mapishi imesimama habari ya mtu aliyeporwa mara mbili, naye ameshika kitu kimoja ambacho mporaji hakuweza kukichukua, yaani elimu ya mikono yake. Msomaji wa siku zile alinunua mapishi ya keki. Msomaji wa leo apata pia wasifu wa mwanamke mweusi aliye huru katika nchi ya watumwa, nao umeandikwa naye mwenyewe.

Mapishi yake nayo yaliwashangaza wengi. Katika fikra za watu, upishi wa mwanamke mweusi wa kusini ulikuwa ni ule wa chungu cha shambani: nyama duni za nguruwe, majani ya kuchemshwa, mkate wa unga wa mahindi. Upishi huo ni wa kweli, na katika miaka ya 1960 ulipewa jina la heshima lenye maana ya chakula cha roho. Lakini anayekifungua kitabu cha Malinda Russell akutana zaidi na keki za namna nyingi, pai, pudini, malai, na matunda ya kuhifadhiwa. Yamo mapishi ya samaki, kambare akiwemo, lakini ni machache. Na mwishoni ziko dawa za nyumbani. Huo ndio upishi wa mtu aliyeuza keki kwa watu wenye fedha, akaishi kwa biashara hiyo. Haupingi habari za chungu cha shambani, ila wakataza kuwaweka watu wote katika chungu kimoja.

Jambo moja zaidi lapasa kuangaliwa. Malinda Russell asema kuwa alijifunza kazi kwa mpishi mweusi wa Virginia aitwaye Fanny Steward, na kwamba hupika kwa kufuata utaratibu wa The Virginia House-Wife. Kwa sentensi hiyo mambo mawili yafunuliwa. Kwanza, kitabu cha Mary Randolph, kilichojengwa kwa elimu ya wapishi weusi pasipo kuwataja, kilirudi katika mikono ya mpishi mweusi, naye akakitumia na kukitaja kwa uaminifu. Pili, mwalimu aliyefundisha kwa mdomo na mkono alipata jina katika chapa. Malinda Russell, asiyekuwa na kitu, alimlipa mwalimu wake deni ambalo wenye mali hawakulilipa.

Kitabu kilichosemwa kwa mdomo

Kitabu cha Abby Fisher hakikupoteza thamani yake kwa kutokea kile cha Paw Paw. Chafundisha mambo ya namna nyingine, hasa kwa wataalamu wa lugha. Bibi Fisher alizaliwa South Carolina katika miaka ya 1830 mwanzoni, akaishi Mobile, Alabama, kisha akahamia San Francisco pamoja na mumewe na watoto. Huko achari zake na matunda yake ya kuhifadhiwa vilimpatia cheti katika maonyesho ya Sacramento ya mwaka 1879 na medali mbili katika maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1880. Mabibi na mabwana wa San Francisco na Oakland wakamsihi atoe kitabu. Mwenyewe asema waziwazi kwamba yeye na mumewe hawakupata elimu ya kusoma na kuandika. Kitabu kikasemwa kwa mdomo, kikaandikwa na wengine, kikachapishwa mwaka 1881 na kiwanda cha ushirika cha wanawake.

Mwandikaji aliandika alichosikia, na alichosikia hakikuwa sikuzote alichokijua. Chakula cha wali cha Louisiana kiitwacho jambalaya kimeandikwa "jumberlie". Chakula cha mahindi na maharage kiitwacho succotash, jina lililotoka katika lugha ya wenyeji wa asili wa pwani ya kaskazini mashariki, kimegeuka "circuit hash", yaani maneno mawili ya Kiingereza yasiyohusiana na chakula hicho. Maandazi ya kukaanga yaitwayo crullers, neno la asili ya Kiholanzi, yamekuwa "carolas". Msomaji wa haraka huyacheka makosa haya. Mtaalamu wa sauti za lugha huyashukuru. Kama mwandikaji angalikuwa hodari wa vyakula vya kusini, angaliandika majina kwa tahajia ya vitabuni, na matamshi ya Bibi Fisher yangalipotea. Kwa kutokujua kwake ametuhifadhia, mfano wa nyayo katika udongo mbichi, namna mwanamke wa South Carolina alivyotamka maneno hayo.

Kumbukumbu nyingine zimejificha katikati ya maelekezo. Katika mapishi ya uji wa mtoto mchanga, Bibi Fisher ataja kuwa amezaa watoto kumi na mmoja na kuwalea wote kwa chakula hicho. Katika dawa ya tumbo la kuhara ya watoto, aeleza kuwa ni dawa ya zamani ya watu weusi wa mashambani kusini. Haelezi maisha yake kwa mpango kama Malinda Russell; maisha yampenya katika vipimo vya sukari na maziwa. Mtafiti anayeruka dawa na uji ili afike kwenye mapishi makubwa hataziona habari hizo.

Maneno yaliyovuka bahari

Vitabu hivi na vingine vya majimbo ya kusini vimehifadhi pia maneno ya lugha za Afrika. Mifano kadhaa yatosha. Ufuta, katika pwani ya South Carolina, huitwa "benne", neno lililotoka katika lugha za Afrika ya Magharibi kama Kiwolofu na Kibambara. Jina la Kiingereza la bamia, "okra", lahusishwa na okwuru ya Kiigbo. Karanga zina majina mawili ya kusini, "goober" na "pinder", yanayolinganishwa na nguba na mpinda ya Kikongo. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Zililetwa Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini, zikapewa majina ya Kibantu, na majina hayo yakavuka bahari tena pamoja na watu waliofungwa katika merikebu za watumwa.

Neno "gumbo" lina faida ya pekee kwa wanafunzi wa lugha za Kibantu. Leo ni jina la mchuzi mzito wa Louisiana, lakini zamani lilikuwa jina la bamia yenyewe. Wataalamu wengi walihusisha na lugha za Angola, kama ochingombo ya Kiumbundu. Katika Kihispania cha Cuba bamia huitwa quimbombó, na katika Kireno cha Brazil liko neno quingombó. Humo kiambishi cha ngeli chaonekana bado mwanzoni mwa neno. Katika Louisiana kiambishi kimeanguka, likabaki shina. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea ki- ya kitu na kisu, aweza kuitambua sehemu iliyobaki Cuba na iliyopotea Louisiana. Neno hilo halikufika kwa kalamu ya mwanachuoni. Lilifika katika midomo ya watu walioitaka mboga yao, na vitabu vya upishi ni miongoni mwa nyaraka zilizolidaka.

Mapishi yaliyofanywa kalenda

Katika karne ya 20 watungaji weusi walianza kutumia kitabu cha upishi kwa makusudi ya historia. Freda DeKnight, aliyeongoza habari za chakula katika jarida la Ebony, alikusanya mapishi kutoka kwa watu weusi wa sehemu nyingi za Marekani akayatoa mwaka 1948 katika A Date with a Dish. Mwaka 1958 Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, lililoanzishwa na Mary McLeod Bethune mwaka 1935, lilitoa The Historical Cookbook of the American Negro, kwa uhariri wa Sue Bailey Thurman. Mapishi ya kitabu hiki hayakupangwa kwa nyama, mboga na keki. Yalipangwa kwa kufuata kalenda: kitabu chaanza na tarehe 1 Januari, siku ya tangazo la uhuru wa watumwa la mwaka 1863, na kila pishi lahusishwa na siku au mtu wa kukumbukwa. Wakati shule nyingi hazikufundisha historia hiyo, akina mama waliiweka jikoni, mahali ambapo kitabu hufunguliwa mara kwa mara.

Mwaka 1970 Vertamae Smart-Grosvenor, mzaliwa wa South Carolina, alitoa Vibration Cooking, na ndani yake alikataa kupima vitu kwa vikombe na vijiko. Yeye alipika kwa kuona na kusikia. Akilinganishwa na Malinda Russell, muuza keki ambaye kazi yake ilitaka vipimo vya hakika, msomaji aona kwamba hapana desturi moja ya wapishi weusi. Kila mmoja aliandika kwa haja ya zama zake.

Sanamu na daftari

Kwa nini vitabu hivi vilisahauliwa hali vilichapishwa? Sehemu ya jibu ni sanamu iliyowekwa mahali pao. Mwaka 1889 ulianzishwa unga wa chapati za maji wenye jina la Aunt Jemima, na mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, Nancy Green, mwanamke aliyezaliwa mtumwa Kentucky, aliwekwa kuuonyesha unga huo kwa jina la Jemima. Sura ya mpishi mweusi mnene mwenye kilemba na tabasamu ilienea kila jiko la Marekani, na jina hilo halikuondolewa katika bidhaa hadi mwaka 2021. Sanamu hiyo ilisema kwamba mwanamke mweusi hupika kwa silika, kama ndege ajengavyo kiota, pasipo kusoma, kupima wala kubuni. Mtu aliyeamini hivyo hakuwa na haja ya kutafuta vitabu vyake.

Toni Tipton-Martin, mwandishi wa habari aliyekuwa mhariri wa chakula wa gazeti la Plain Dealer la Cleveland tangu mwaka 1991, aliamua kujibu sanamu kwa vitabu. Alivitafuta kwa miaka mingi, akavinunua kwa fedha zake, na mwaka 2015 akatoa The Jemima Code, kitabu kielezacho vitabu zaidi ya 150 vya upishi vilivyotungwa na Wamarekani weusi tangu kile cha Robert Roberts cha mwaka 1827. Katika Chuo Kikuu cha Alabama nako kuna mkusanyo wa David Walker Lupton, wenye vitabu zaidi ya 450 vya aina hiyo. Jimbo lililokataza mwaka 1832 kumfundisha mtu mweusi kusoma sasa latunza vitabu vyake.

Kitabu kimoja peke yake chaweza kuitwa tukio la bahati. Vitabu mia moja na hamsini vilivyopangwa kwa miaka ni hoja. Vyaonyesha walimu, wafanya biashara, wapishi wa reli, wauguzi na wahariri, kila mmoja na ujuzi wake. Ndiyo maana ukusanyaji una uzito kuliko ununuzi wa kitabu kimoja adimu: kitabu kikiwa karibu na chenziwe huanza kuulizana maswali.

Namna ya kuvisoma

Pamoja na sifa zote hizi, kitabu cha upishi ni shahidi wa kuhojiwa kama mashahidi wengine. Hakisemi watu walikula nini kila siku. Aghalabu husema walichotaka kupika siku ya wageni, au walichoweza kuuza. Chakula cha kila siku huachwa kwa kuwa kila mtu akijua. Pia mapishi hunakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, na mwaka wa chapa si mwaka wa kuzaliwa kwa pishi. Yafaa mtafiti atazame nani alilipa gharama ya chapa, nani aliandika maneno, na kitabu kiliuzwa kwa nani. Tena asidharau alama za matumizi: maandishi ya pembeni, mapishi ya mkono yaliyobandikwa, kurasa zilizochafuka kuliko nyingine. Duka la vitabu huzihesabu alama hizi kuwa kasoro zinazopunguza bei, hali kwa historia ndizo zinazoonyesha pishi lililopendwa na lililorukwa.

Somo hili lawahusu pia wachunguzi wa Kiswahili. Maneno kama kuunga, kutokosa, kubanika na kupalia makaa yana maana za hakika ambazo mpishi huzionyesha kwa mkono kabla ya kuzisema, na neno "kiasi" katika kinywa cha mpishi hodari lina kipimo ambacho kamusi haikiandiki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mapishi la bibi mmoja wa mtaani, likiandikwa jina lake, mahali na mwaka, lastahili kuwekwa pamoja na tenzi na barua za kale.

Kijitabu cha Paw Paw kilipona kwa kuwa mtu mmoja wa California alikiweka, na mwingine wa Ann Arbor akakitambua. Kabla ya hapo wataalamu hawakuwa na habari za Malinda Russell, wala za safari yake ya Liberia iliyokatika Lynchburg, wala za duka lake la keki Tennessee. Na Fanny Steward wa Virginia, aliyemfundisha kupika, hakuwa na jina.